Jua la Ujiji: Kwa Nini Magharibi ya Kigoma Huchelewa, na Kwa Nini Bibi Harusi Aijue



Kila msimu wa harusi ukipita na Ramadhani ikikaribia, kuna swali moja hujirudia kwa mabinti wa visiwani walioolewa bara, hasa wale waliofuata waume zao mpaka Kigoma na Ujiji. Binti ametoka Unguja au Pemba na ratiba yake ya swala, ama imebandikwa jikoni ama imo ndani ya simu. Anafika ugenini, anatazama ratiba: Magharibi imeingia. Anatazama dirishani: jua bado linameta juu ya ziwa. Afuate karatasi au afuate jua?

Jibu la kifiqhi ni fupi: fuata jua la mahali ulipo. Lakini nyuma ya jibu hilo fupi kuna historia ndefu na tamu, ya misafara, reli, mwezi mwandamo na saa ya ukutani. Ukiijua hutababaika tena, na utaweza kumfundisha binti yako na mdogo wako. Leo nimekuleteeni historia hiyo.

Dakika thelathini na nane

Tuanze na hesabu, maana ni nyepesi. Dunia hujizungusha nyuzi 360 kwa saa 24, yaani nyuzi moja kwa kila dakika nne. Mji wa Unguja uko kwenye nyuzi 39 na kidogo mashariki. Kigoma iko kwenye nyuzi 29 na nusu na ushei. Tofauti ni karibu nyuzi tisa na nusu. Zidisha kwa nne, unapata dakika 38.

Maana yake ni kwamba jua likishakuchwa Forodhani, mwenzako aliye Ujiji bado ana zaidi ya nusu saa ya mchana mkononi. Na jua likichomoza Unguja, Kigoma bado ni giza au weupe wa alfajiri. Saa za ukutani zinasema kitu kimoja sehemu zote mbili, kwa sababu nchi nzima tunatumia saa moja. Jua halikuulizwa.

Na saa hiyo yetu ya nchi nzima si saa ya jua la Dar es Salaam wala la Unguja. Imepimwa kwa nyuzi 45 mashariki, mstari unaopita karibu kabisa na Aden na Mogadishu. Aden saa sita mchana ya ukutani na saa sita ya jua hukaribiana sana. Unguja jua hufika utosini kama dakika 23 baadaye. Kigoma hufika saa nzima baadaye. Kwa hiyo mtu wa Kigoma anaishi na saa ya Aden ukutani na jua la Burundi kichwani.

Ujiji kabla ya saa ya ukutani

Zamani tatizo hili halikuwepo kabisa, na hapo ndipo historia inapokuwa nzuri.

Ujiji ulikuwa mwisho wa njia kuu ya misafara iliyoanzia pwani, Bagamoyo na jirani zake, ikapita Tabora na kuishia Ziwa Tanganyika. Katikati ya karne ya 19 tayari palikuwa na wafanyabiashara Waarabu na Waswahili waliojenga nyumba, wakapanda miembe, wakaswali na kufunga. Mmoja wa wakubwa wao alikuwa Mwinyi Kheri, mtu wa Mrima. Baadaye alitamba Muhammad bin Khalfan al-Barwani, ambaye watu walimwita Rumaliza. Tusifiche pia kwamba njia hiyo ilibeba pembe za ndovu pamoja na watumwa, na wengi wao walikuwa wanawake. Uislamu wa Ujiji leo una damu ya watu wengi: Wamanyema waliovuka kutoka Kongo, Waha wenyeji, watu wa pwani na wengineo. Wajukuu wa waliofika kwa minyororo ndio waliojaza misikiti na madrasa, na tarika ya Qadiriyya ikapata wafuasi wengi.

Sasa fikiria safari yenyewe. Richard Burton na John Hanning Speke waliondoka pwani Juni 1857 wakafika Ujiji Februari 1858, karibu miezi minane pamoja na kupumzika njiani na maradhi. Henry Morton Stanley aliondoka Bagamoyo Machi 1871 akafika Ujiji Novemba mwaka huohuo. Chukua zile dakika 37 za tofauti kati ya Bagamoyo na Ujiji uzigawe kwa miezi minane. Kila siku jua lilichelewa kwa wastani wa chini ya sekunde kumi. Nani angeihisi? Msafara uliondoka alfajiri, ukapiga kambi kabla jua halijawa kali, ukaswali Magharibi jua lilipokuchwa pale walipokuwa. Hakuna aliyefika Ujiji akasema, "Mbona huku Magharibi inachelewa?" Magharibi ya Ujiji ilikuwa Magharibi tu, imeingia kwa wakati wake.

Lugha yetu yenyewe inashuhudia hilo. Kiswahili huhesabu saa kuanzia jua kuchomoza na jua kuchwa: saa moja asubuhi ni saa ya kwanza ya mchana, saa moja usiku ni saa ya kwanza ya usiku. Hesabu ya namna hii ilikuwa desturi ya nchi nyingi za Kiislamu. Katika dola ya Waturuki wa Othmani saa zilirekebishwa jua likichwa, na siku mpya ikahesabiwa kuanzia hapo. Sayyida Salme binti Said, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844, kwenye kumbukumbu zake zilizochapishwa Ujerumani mwaka 1886 anaeleza jinsi siku ya nyumba ya kifalme ilivyopangwa kwa swala tano: kuamka, kula, kutembeleana na kulala. Mwanamke wa Mtoni na mwanamke wa Ujiji, kila mmoja kwa jua lake, waliishi siku yenye umbo moja.

Ramadhani iliyomrekebishia mgeni kalenda

Kisa cha Stanley kukutana na David Livingstone pale Ujiji kila mtu amekisoma shuleni. Stanley aliandika kuwa ilikuwa tarehe 10 Novemba 1871. Wasichosoma wengi ni kwamba Livingstone kwa maradhi na upweke alikuwa amepoteza hesabu ya siku. Tarehe alizokuwa akiandika kwenye daftari lake zilikuwa zimeachana na tarehe za kweli kwa majuma kadhaa.

Kilichomsaidia kugundua kosa ni Waislamu wa Ujiji. Siku chache baada ya Stanley kufika, mwezi uliandama na Ramadhani ya mwaka 1288 Hijria ikaanza, kama tarehe 14 Novemba 1871. Mtu mwenye kitabu cha mienendo ya mwezi na nyota anaweza kujua mwezi mpya unaangukia tarehe ipi ya Kizungu. Akilinganisha na siku ambayo mji umeanza kufunga, anaona amekosea siku ngapi. Msafiri aliyebeba vyombo vya kupimia alirekebishwa na watu waliotazama upeo wa ziwa jioni na kuuona mwezi.

Mimi kisa hiki hunifurahisha sana. Wazee wetu hawakuwa na vitabu vya hesabu za nyota Ujiji nzima, lakini hawakupotea hata siku moja. Ibada iliwawekea kalenda ambayo haihitaji betri. Kila mwezi hutazamwa upya na kila jioni hutazamwa upya, na kosa la jana halirundikani.

Mwisho wa reli

Kilichobadilisha mambo ni garimoshi. Wajerumani walianza kujenga reli ya kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905. Ikafika Morogoro 1907, Tabora 1912, na Februari 1914 ikafika Kigoma, kilomita zipatazo 1,250 kutoka bahari ya Hindi. Ndipo Kigoma, kijiji cha bandari tulivu jirani na Ujiji, kikawa mji, na Ujiji mkongwe ukabaki pembeni. Mpaka leo watu husema "Kigoma, mwisho wa reli." Meli iliyoletwa vipandevipande kwa reli hiyohiyo iliunganishwa Kigoma na kushushwa majini mwaka 1915. Wenyewe waliizamisha 1916, Waingereza wakaiibua, na tangu 1927 tunaiita Liemba.

Reli haiwezi kwenda kwa jua la kila kituo. Treni inayotoka Dar es Salaam, ikapita Dodoma na Tabora hadi Kigoma, lazima iwe na saa moja mwanzo hadi mwisho, la sivyo treni mbili zitakutana kwenye njia moja. Ofisi ya posta nayo inataka saa moja, na simu ya upepo, na shule, na baadaye redio. Taratibu saa ya stesheni ikawa saa ya mji. Safari ya miezi minane ikawa ya siku mbili tatu, na zile dakika 38 zilizokuwa zikimeguka sekunde kumi kwa siku sasa zikamwangukia msafiri kwa mkupuo. Kwa ndege zinakuangukia kabla hujamaliza soda. Kwa simu zinakuangukia bila hata kuinuka kitini: adhana ya Unguja inalia mkononi mwako huku Ujiji jua halijachwa.

Hapo ndipo swali la yule binti lilipozaliwa. Jua la Kigoma linafanya lilichokuwa likifanya tangu enzi za Mwinyi Kheri. Kilichohama ni saa.

Mwaka mzima wa jua la Kigoma

Kigoma iko karibu nyuzi tano kusini mwa ikweta, ndiyo maana mchana na usiku wake hukaribiana mwaka mzima. Mchana mfupi kabisa ni wa Juni, kama saa 11 na dakika 50. Mrefu kabisa ni wa Desemba, kama saa 12 na dakika 24. Tofauti yote ya mwaka ni nusu saa na dakika chache. Linganisha na wenzetu: Muscat mchana wa Juni hufika saa 13 na nusu na wa Desemba kama saa 10 na dakika 40, London wa Juni hupita saa 16 na nusu na wa Desemba haufiki hata saa 8. Dada aliyeolewa London akifunga Juni na aliyeolewa Ujiji akifunga Juni, ibada ni moja lakini mtihani ni tofauti.

Lakini ukitazama nyakati zenyewe utaona jambo la ajabu. Ungetarajia jua lichelewe kuchwa Desemba, mchana unapokuwa mrefu. Sivyo. Tazama jua la Kigoma lilivyo, kwa makadirio ya dakika moja mbili:

- Mwanzoni mwa Februari: linachomoza kama saa 1:05 asubuhi, linakuchwa kama saa 1:25 usiku. Huku ndiko kuchwa kwa kuchelewa kuliko kote.
- Machi 20: saa 1:05 asubuhi na saa 1:12 usiku.
- Juni 21: saa 1:08 asubuhi na saa 12:58 jioni.
- Mwisho wa Julai: saa 1:12 asubuhi, kuchomoza kwa kuchelewa kuliko kote, na saa 1:05 usiku.
- Mwisho wa Oktoba na mwanzo wa Novemba: saa 12:36 asubuhi na saa 12:53 jioni. Linawahi kuchomoza na linawahi kuchwa.
- Desemba 21: saa 12:47 asubuhi na saa 1:11 usiku.

Unaona? Kati ya mwanzo wa Novemba na mwanzo wa Februari urefu wa mchana unakaribia kufanana, lakini siku nzima imesogea mbele nusu saa. Sababu ni mbili. Kwanza, dunia hailizunguki jua kwa mwendo mmoja; mwanzoni mwa Januari iko karibu zaidi na jua na huenda kasi zaidi. Pili, mhimili wake umeinama kwa nyuzi 23 na nusu hivi. Mambo hayo mawili hulifanya jua liitangulie saa ya ukutani au lichelewe nyuma yake kadiri mwaka unavyokwenda. Nchi za baridi tofauti ya mchana ni kubwa mno kiasi kwamba jambo hili halionekani. Kwetu karibu na ikweta ndilo linalotawala.

Kwa hiyo karibu miezi saba ya mwaka, tangu mwisho wa Novemba mpaka Aprili 20 hivi na tena Julai mpaka mwanzoni mwa Septemba, Kigoma "saa moja usiku" inagonga jua likiwa bado halijachwa. Jina limebaki lilelile, maana yake imehama na reli.

Unguja mwanzoni mwa Februari jua hukuchwa kama saa 12:47 jioni. Juni 21 ni kama saa 12:18. Ukilinganisha utaona tofauti na Kigoma huchezacheza kati ya dakika 36 na 40, kwa sababu Unguja iko kusini kidogo zaidi.

Kivuli na kibla

Adhuhuri inaingia jua likishapinduka kutoka katikati ya mbingu. Kigoma jua hufika katikati mapema kabisa kama saa 6:45 mchana, mwanzoni mwa Novemba, na kwa kuchelewa kabisa kama saa 7:15, katikati ya Februari. Hakuna siku hata moja ya mwaka ambayo Adhuhuri ya Kigoma inaingia saa 6:30. Aliyezoea kuswali kwa saa ya Unguja ajihadhari sana hapa, maana swala kabla ya wakati wake si swala.

Siku mbili kwa mwaka, karibu na Machi 8 na Oktoba 5, jua hupita juu kabisa ya utosi wa Kigoma na kijiti ulichosimamisha wima hakina kivuli. Kutoka Oktoba hadi Machi jua la mchana liko upande wa kusini; miezi mingine liko kaskazini. Hii ina faida kwa Alasiri, kwa kuwa kwa madhehebu ya Shafi Alasiri huingia kivuli cha kitu kinapolingana na urefu wake, ukiongeza kile kivuli kilichokuwepo jua lilipokuwa katikati. Watoto wa madrasa wanaweza kujifunza hili uwanjani kwa kijiti na kamba, bila simu.

Na kibla? Unguja Makka iko karibu kaskazini kabisa. Binti wa Unguja amekua akielekea kaskazini bila kufikiri. Kigoma kibla hupinda kama nyuzi 20 kuelekea mashariki. Ukiingia nyumba mpya usitandike mswala kwa mazoea ya nyumbani. Kuna njia nzuri ya kuhakikisha: tarehe 27 au 28 Mei, saa 6:18 mchana, na tarehe 15 au 16 Julai, saa 6:27 mchana, jua huwa juu kabisa ya Al-Kaaba. Saa ya Makka na saa yetu ni moja. Dakika hiyo popote ulipo Tanzania, uso wako ukielekea upande lilipo jua umeelekea kibla. Weka alama sakafuni na mambo yamekwisha.

Hili ni letu wanawake zaidi ya wanaume

Mwanamume akikosea anaweza kusahihishwa na jamaa msikitini. Sisi wengi tunaswali nyumbani, tunafuturisha nyumba nzima, na tohara zetu zinahesabiwa kwa kuingia na kutoka kwa wakati. Dakika 38 kwetu ni nyingi mno.

Saumu. Aliyeko Kigoma akifuturu kwa adhana ya redio au simu ya Unguja amefungua jua lingalipo, na siku hiyo atailipa. Kinyume chake, mtu wa Kigoma akija Unguja na ratiba yake, atakula daku alfajiri imeshaingia. Urefu wa saumu Kigoma hautishi, ni saa 13 na kidogo mpaka chini ya saa 14 mwaka mzima. Ramadhani hurudi nyuma kama siku 11 kila mwaka wa jua na huzunguka misimu yote kwa miaka 33 hivi. Mwaka 2030 zinatarajiwa Ramadhani mbili, mwezi wa Januari na tena mwisho wa Desemba, na zote Kigoma futari itakuwa baada ya saa moja usiku.

Hedhi. Damu ikija dakika tano kabla ya jua kuchwa, saumu ya siku hiyo imebatilika. Ikija dakika tano baada ya kuchwa, saumu imetimia. Na kwa madhehebu ya Shafi, ukitoharika kabla ya jua kuchwa unadaiwa Alasiri pamoja na Adhuhuri. Ukitoharika kabla ya alfajiri unadaiwa Isha pamoja na Magharibi. Fikiria sasa mtu anayekwenda kwa ratiba ya mji mwingine: atalipa asichodaiwa, au ataacha anachodaiwa. Somo anapomfunda mwari habari za tohara, naomba aongeze swali hili: "Huko unakokwenda jua linakuchwa saa ngapi?" Penye utata muulizeni sheikh wa mji huo.

Eda. Mjane huhesabu miezi minne na siku kumi kwa miezi ya mwandamo, na siku ya Kiislamu huanza Magharibi. Tarehe moja ya kalenda ya ukutani inaweza kubeba siku mbili za Kiislamu, kabla na baada ya jua kuchwa. Andika saa ya tukio.

Harusi yenyewe. Usiku wa Ijumaa ni ule unaofuata Alhamisi jua likichwa. Wanaotaka nikaha usiku huo wakumbuke kwamba Kigoma usiku huo huenda usiingie mpaka saa 1:25. Kadi ikiandikwa "saa 12 na nusu jioni, baada ya Magharibi" itawachanganya wageni kutoka Unguja. Andikeni "baada ya Alasiri" au "baada ya Isha", na watu wafuate adhana ya msikiti wa hapo. Mpiga picha naye aambiwe: ule mwanga laini wa dhahabu unaopendeza kwenye hina na nguo, Unguja huupata saa 11 na nusu jioni, Kigoma ni saa 12 na zaidi. Baada ya kuchwa giza halikawii. Isha huingia baada ya saa moja na robo hivi.

Milima ya Kongo na saa ya ng'ambo

Kuna mambo mawili ya Kigoma peke yake. La kwanza ni milima. Ng'ambo ya ziwa kuna milima ya Kongo, na jua huweza kujificha nyuma yake kabla halijachwa kweli. Wanazuoni wametufundisha kwamba jua kuzibwa na mlima si kuchwa. Hadithi sahihi inatuelekeza kutazama pande zote mbili: mchana unaondoka magharibi na usiku unakuja kutoka mashariki. Kwa hiyo aliye Ujiji ageuke atazame nyuma yake, upande wa mashariki, aone weusi ukipanda.

La pili ni saa ya jirani. Burundi na mashariki ya Kongo hutumia saa iliyo nyuma yetu kwa saa nzima, na kwao saa ya ukutani na jua vinakaribiana. Jua likichwa Kigoma saa 1:05 usiku, Uvira na Bujumbura saa zao zinasoma kama saa 12:05 jioni. Jua ni moja, ziwa ni moja, udugu ni mmoja, namba ndizo mbili. Anayekwenda arusi ya nduguye ng'ambo, au ambaye simu yake imeshika mtandao wa huko, ahakikishe saa kabla ya kutia tende mdomoni.

Wanawake wa mwambao wa ziwa, wanaoanika dagaa Katonga na Kibirizi, hawahitaji kufundishwa mengi katika haya. Wavuvi wa dagaa huvua kwa taa usiku wa giza na hupumzika mwezi ukiwa mpevu, kwa hiyo mama anayengoja mtumbwi anajua mwezi umefika siku ya ngapi. Anajua pia jua la kiangazi cha Juni, ingawa mchana wake ni mfupi kidogo, linakausha dagaa vizuri kuliko mchana mrefu wa Desemba wenye mvua. Hiyo ni elimu ya nyakati, na imo mikononi mwa wanawake miaka mingi.

Basi dada yangu uliyeolewa Kigoma, au unayeandaliwa singo na hina sasa hivi kwa safari ya huko: ukifika, jambo la kwanza baada ya kusalimia wakwe, waulize msikiti wa mtaa ratiba yao. Badilisha mji kwenye simu yako. Geuza mswala nyuzi zake. Kisha jioni moja toka nje na mama mkwe, mtazame jua likizama upande wa Kongo, na usubiri adhana ya Ujiji. Jua hilo ndilo walilolifuata Waislamu wa mji ule kabla ya reli.

Allah atujaalie tuwe miongoni mwa wenye kuhifadhi swala kwa nyakati zake, azitie baraka ndoa zetu, na awakutanishe waliotengana kwa bara na visiwa katika kheri. Aamin.